UZI: Sanduku la barua, la Posta na la getini, bado lina kazi gani kwetu?

MamaVitabu_Nax (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Kila Januari watu wenye biashara ndogo ninaowaandikia vitabu vya hesabu hapa Nakuru huniuliza swali moja: "Mama, hili sanduku la posta tunalilipia la nini, na mambo yote yako kwa simu?" Nimejibu dukani, nimejibu kwa simu, nimejibu hadi ndani ya matatu ya Njoro. Sasa naandika hapa. Mwenye kupinga apinge.

Barua za salamu zilikwisha na sioni anayezililia. Lakini sanduku ndipo benki, bima, mahakama na serikali wanapohesabu kuwa wamekupata, uwe umeenda kufungua au hukwenda. Ukiliacha, wao hawaachi kukuandikia. Wanaandika vilevile, ila wewe husomi.

Chukua kampuni. Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka kila kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa hapa Kenya, pale ambapo mawasiliano na ilani zote zinaweza kupelekwa. Cheti cha PIN cha KRA, mamlaka ya ushuru, nacho kina anwani ya posta na msimbo wake. Sasa watu wakifika kwenye hicho kipengele wanajaza chochote ili fomu ikubali kusonga mbele. Nimeona kampuni ya mjini hapa yenye anwani ya shule ya sekondari aliyosoma mkurugenzi. Nyingine imebuni namba tu, ikaweka 20100, msimbo wa posta wa Nakuru, mbele yake, basi. Siku ilani ikitumwa huko, nani ataifungua? Mwalimu wa zamu?

Kuna mteja wangu wa spea za magari. Alipokuwa amepanga duka alikuwa akitumia sanduku la mwenye jengo, na ndilo aliloandika kwenye karatasi za bima. Akahama mtaa, akabadilisha bango, akachapisha risiti mpya, lakini sanduku hakuligusa. Stoo ikashika moto. Kampuni ya bima ikamwandikia ikitaka stakabadhi fulani kabla ya tarehe fulani, ikaandika kwa anwani iliyo nayo. Mwenye jengo akaipokea, akaiweka kwenye droo pamoja na nyingine za wapangaji waliohama, akiamini mwenyewe atapita. Tulikuja kuipata tarehe imeshapita. Tulibishana na bima hadi wakalegeza kidogo, lakini fidia aliyopata si ile aliyostahili. Kosa la nani? Bima iliandika palipoandikwa.

Nazungumzia masanduku mawili, msichanganye. Kuna la Posta, lenye namba na ufunguo. Na kuna la getini au mlangoni, la bati au la mbao. Kwa Waingereza haya mawili ni kitu kimoja, kwa sababu posta wao hupita nyumba hadi nyumba na mlango wenyewe una tundu. Sisi posta haiji mlangoni, tunaifuata. Ndiyo maana wengi wanaona la getini ni pambo la watu wa Milimani, mtaa wa wenye nazo. Lakini hesabuni vitu vinavyoletwa kwa mkono: ilani ya kukatiwa maji, madai ya kodi ya ardhi ya kaunti, barua ya chama, ya kanisa, ya shule, na za mahakama. Vinaachwa kwa soja, kwa mama wa kibanda, au vinasukumwa chini ya mlango wa chuma pamoja na vumbi letu la Nakuru.

Kwa ufupi, nyumba ya kupangisha inahitaji la getini, biashara inahitaji yote mawili, na mwenye shamba lenye hati asithubutu kukaa bila la Posta. Karibuni.

---

Ja_Milimani_Kisumu

Mama Vitabu, heshima zako, lakini hii hoja imepitwa na treni. Denmark, nchi ambayo posta yake imepeleka barua tangu 1624, imeacha. PostNord, posta yao, ilipeleka barua yake ya mwisho tarehe 30 Desemba 2025. Yale masanduku mekundu 1,500 ya barabarani yakang'olewa. Barua zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000. Kama Wadenmark wameona hakuna haja, mimi wa Kisumu ndiye nitaenda kupanga foleni kulipia kijumba cha chuma ambacho ndani yake kuna matangazo ya semina? Acheni hizo. Mahakama zenyewe siku hizi zinakubali wito kwa WhatsApp.

---

Mtu_wa_Freehold

😂😂 Semina na kalenda ya mwaka juzi.

---

Wakili_wa_Kibuye

Omera Ja_Milimani, umesema nusu. Ni kweli Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai zilirekebishwa 2020, zikaruhusu wito upelekwe kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu. Lakini njia hiyo iliongezwa juu ya zilizokuwepo. Hazikufutwa. Kampuni inaposhtakiwa na maofisa wake hawaonekani, karatasi bado zinaweza kutumwa kwa barua ya rejista hadi anwani yake ya posta iliyosajiliwa.

Mimi ningependa tuzungumzie shamba, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wazima wakilia kwenye kiti cha ofisi.

Mtu anachukua mkopo, anaweka hati rehani. Akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinairuhusu benki kumpelekea ilani inayotaja deni na kumpa muda usiopungua miezi 3 kulilipa. Asipolipa, kuna kifungu cha 96: ilani ya kuuza, siku 40. Kisha dalali anaingia na yake ya siku 45 chini ya Kanuni za Madalali za 1997. Zikifuatana moja baada ya nyingine, hiyo ni karibu miezi 6. Ni muda wa kutosha kuuza ng'ombe, kukalisha ukoo chini, au kwenda benki kuomba mpango mpya wa malipo. Benki nyingi hukubali mpango, kwa sababu mnada una gharama na aibu zake.

Sasa ilani hizo aghalabu huenda kwa barua ya rejista hadi sanduku uliloandika siku ulipokuwa na furaha ya kupewa mkopo. Kikaratasi kinaingia sandukuni kukuarifu kuna barua kaunta, uje na kitambulisho utie sahihi. Sanduku halijafunguliwa tangu mazishi ya mzee. Unakuja kujua mambo siku watu wageni wamesimama kwenye mpaka wa shamba na karatasi ya mnada mkononi.

"Lakini sikupata barua!" Hiyo nimeisikia sana. Sheria ya Ufafanuzi, Sura ya 2, kifungu cha 3(5), inasema pale sheria inaporuhusu kutumia posta, barua iliyoandikwa anwani sawasawa, ikalipiwa na kutumwa, huhesabiwa imefika katika muda ambao ingefika kwa kawaida, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho yanakupa nafasi, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako. Na ukimwambia jaji hukufungua sanduku lako mwenyewe, hapo hujathibitisha kitu.

Wengine huponea hapo hapo. Kama benki iliandika anwani isiyo yako, au haina ushahidi wa posta kwamba ilituma, mnada unaweza kusimamishwa. Kwa hiyo ukibadilisha sanduku, waandikie benki rasmi, wakugongee muhuri kwenye nakala, uitunze. Karatasi hiyo moja imewahi kuokoa boma la watu.

Na msinitumie kesi kwenye ujumbe wa faragha, tafadhali. Njooni ofisini kama watu.

---

Ja_Milimani_Kisumu

Wakili, nimekuelewa kwa watu wenye mikopo. Mimi sina mkopo wala shamba. Nina duka la simu na nyumba ya kupanga.

---

Kijana_wa_50100

Mimi nina miaka ya hao mnaosema hawajui stempu, na ninatetea sanduku. Niko Kakamega, natengeneza video. Google hawakutumii PIN ya AdSense, ile akaunti ya kulipwa hela za matangazo, kwa WhatsApp, wadau. Mapato yakifika dola 10 wanakutumia barua ya karatasi yenye PIN ya tarakimu 6 kwa anwani uliyojaza. Inaweza kuchukua wiki 2 hadi 4, kwetu wakati mwingine zaidi. Usipoingiza PIN ndani ya miezi 4 tangu ya kwanza kutolewa, matangazo yanasimama kwenye kazi yako.

Rafiki yangu alijaza anwani "nyuma ya Muliro Gardens, geti la bluu". Barua ya kwanza ikapotea. Akaomba ya pili, ikapotea. Geti la bluu Kakamega ni mangapi? Ya tatu akaomba itumwe kwa sanduku la mjomba wake fundi cherehani, na mjomba akaenda kuichukua amevaa koti kama anakwenda harusini. Ikafika. Ndiyo, najua baada ya majaribio matatu unaweza kutuma picha ya kitambulisho wakuthibitishe. Lakini kwa nini upoteze miezi yote hiyo?

Vijana tunaotafuta hela za nje mtandaoni ndio tumerudi Posta, na wazee hawajui. Kadi za benki za nje, vifurushi, barua za vyuo vya ng'ambo, hivyo vyote vinauliza anwani.

---

Mwalimu_Mstaafu_Maragoli

Mulembe wote. Nimesoma uzi huu na chai ikapoa.

Kijijini kwetu sanduku lilikuwa moja, la shule ya msingi, na kijiji kizima kiliishi humo. Mtu akiandikiwa kutoka Nairobi au Mombasa, juu ya bahasha kuna jina lake, chini yake "kwa mkono wa mwalimu mkuu", kisha shule, S.L.P., Maragoli. Ijumaa mwalimu mkuu akirudi kutoka posta, majina yanasomwa paredi. Mtoto anaitwa, anapewa barua ya baba yake, anaipachika ndani ya daftari la hesabu ili isikunjike. Ikiwa na noti ndani unaijua kwa jinsi mtoto anavyotembea, maana nyumbani ameshaambiwa aitazamie.

Nimeeleza haya kwa sababu madhara yake bado yapo leo. Nendeni masjala ya ardhi, mfungue zile kadi za kijani za usajili. Kwenye sehemu ya mwenye shamba kuna safu ya anwani. Vijiji vizima vya Vihiga utakuta mashamba yana anwani moja, ile ya shule, au ya kanisa, au ya soko. Wenye mashamba wengi wametangulia mbele za haki, mwalimu mkuu amebadilishwa mara nyingi, na ufunguo wa sanduku hakuna anayejua uliko. Wakili amesema barua huhesabiwa imefika. Imefika wapi sasa?

Jambo la pili ni hisa. KenGen, kampuni ya umeme, ilipouza hisa 2006 kwa shilingi 11.90 kila moja, na Safaricom ya simu 2008 kwa shilingi 5, walimu tulijitosa. Watu waliuza hata ndama. Wengi walijaza anwani ya shule waliyokuwa wakifundisha. Kisha wakahamishwa na TSC, tume inayoajiri walimu, wengine wakastaafu, na hundi za gawio zikaendelea kwenda kule kule. Hundi isiyochukuliwa haikai milele kwa kampuni. Sheria ya 2011 iliunda mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA, na pesa hizo huishia huko zikingoja mwenyewe au warithi wake. Kama baba au mama yako aliwahi kuwa na hisa, akaunti ya zamani ya benki au bima ya maisha, ulizeni huko kabla ya kugawana kuku. Mimi nimemsindikiza mjane mmoja, jirani yangu, katika safari hiyo. Pesa zilikuwepo. Kilichochosha ni kuthibitisha kuwa marehemu wa Kakamega na marehemu wa Maragoli ni mtu yule yule, kwa sababu kila karatasi ilikuwa na anwani yake.

---

Dada_wa_Migosi

Mwalimu, shikamoo. Umenikumbusha baba yangu, hisa zake bado tunazitafuta.

Mimi nasimamia ploti ya mama yangu hapa Migosi, Kisumu, kwa hiyo nitazungumzia la getini. Kabla hatujaweka kisanduku, bahasha zilikuwa zinawekwa juu ya mita ya maji. Mnajua mvua ya jioni ya Kisumu, haitoi taarifa. Asubuhi unakuta karatasi imekuwa uji, jina halisomeki, na wapangaji wanaangaliana kila mmoja akidhani ni ya mwenzake. Moja ililiwa na mbuzi wa jirani, na sisemi kwa mzaha, tulimkuta ametafuna hadi kwenye muhuri. Ilikuwa barua ya mpangaji wa juu ya kuitwa kazini. Bahati nzuri walikuwa wamempigia pia.

Tukaweka kisanduku kimoja kikubwa. Haikusaidia sana kwa sababu kila mtu alikuwa akifukua bahasha za wengine akitafuta yake. Siri za watu zikajulikana: nani anadaiwa na sako, nani ana kesi ya watoto. Mpangaji mmoja akahama kwa sababu hiyo. Ndipo tukagawanya, kila nyumba na mlango wake mdogo na kufuli yake, namba ya nyumba imeandikwa kwa rangi. Amani ikarudi.

Bili za maji siku hizi zinakuja kwa ujumbe wa simu, ni kweli. Lakini ilani ya kukata haiwezi kumfuata mpangaji ambaye namba iliyo kwenye mita ni ya aliyehama. Inakuja karatasi.

---

Askari_Mstaafu_Lanet

Kwa usalama pia. Mtu wa kuleta barua asiingie ndani ya ua. Aweke getini aende zake. Nimesema.

---

Ja_Milimani_Kisumu

Sawa, sawa, naona nimevamiwa na ukoo mzima. Lakini hakuna aliyejibu Denmark. Na kuna hii MPost, ambapo namba ya simu yenyewe inakuwa sanduku. Si hiyo inatosha? Kwa nini nibebe ufunguo?

---

MamaVitabu_Nax

Ja_Milimani mwanangu, tuanze na Denmark kwa sababu umeng'ang'ana nayo.

Denmark hawakuamka asubuhi wakang'oa masanduku. Tangu Novemba 2014 raia wa kule anatakiwa kuwa na sanduku la kidijitali ambamo serikali humwandikia, na barua ikiingia humo inahesabiwa imefika, sawa na alivyoeleza Wakili. Asiyeweza kulitumia huomba ruhusa ya kubaki na karatasi. Kwa hiyo walijenga sanduku jipya kwanza, watu wakalizoea miaka kumi na zaidi, ndipo la zamani likaondoka. Na hata sasa barua hazijapigwa marufuku, kuna kampuni binafsi inayozibeba, inaitwa DAO. Sisi tunalo gani? eCitizen ni mlango wa mtandaoni wa kuomba na kulipia huduma za serikali. Mtu anaweka nywila, anachukua cheti chake cha mwenendo mwema, halafu nywila anaisahau mpaka mwaka ujao. Benki yako haikuandikii humo. Bima haikuandikii humo. Siku tukiwa na kitu kama cha Denmark, mimi mwenyewe nitarudisha ufunguo.

MPost siipingi hata kidogo. Ilianza 2016, Taz Technologies wakishirikiana na Posta, na ilipoanza ada ilikuwa shilingi 300 kwa mwaka. Namba yako ya simu inageuka anwani, barua ikifika posta uliyochagua unapata ujumbe, unaenda kuichukua. Kwa kijana anayehamahama kati ya Kisumu, Eldoret na Nakuru ni nzuri kuliko kuwa na sanduku la chuma mji mmoja, na inamwondolea ile kero ya kwenda kufungua ukakuta utando wa buibui. Kijana_wa_50100, hiyo ndiyo ingemfaa rafiki yako wa geti la bluu.

Tatizo langu ni biashara. Namba ya simu ni ya mtu. Duka lina wenye hisa wawili watatu, namba iliyosajiliwa ni ya nani? Ya yule aliyekuja kugombana na wenzake akaondoka nayo. Na laini isiyotumika kwa muda hurudishwa sokoni, ikapewa mtu mwingine kabisa, nadhani wengi hapa mmewahi kupigiwa simu ya deni la mtu msiyemjua. Sanduku la chuma la kampuni, mkurugenzi akifa, akihama, akifukuzwa, namba yake ni ile ile. Funguo zikiwa mbili, moja kwa karani na moja kwa mwenye mali, hakuna wa kuficha kitu.

Halafu kuna hili ambalo Dada wa Migosi amelileta vizuri kuliko mimi, siri. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, biashara inayoshika habari za watu ina wajibu wa kuzitunza. Watu wakisikia "data" wanafikiria kompyuta. Lakini nenda zahanati ndogo yoyote au ofisi ya sako, utaona bahasha za wateja zimelala kaunta, matokeo ya vipimo, taarifa za mikopo, kila anayekuja kuuliza choo anazisoma majina. Kisanduku chenye kufuli ukutani kingemaliza aibu hiyo. Hata mteja anayeleta malalamiko yake kwa maandishi hataki ampe yule yule anayemlalamikia.

---

Wakili_wa_Kibuye

Hapo kwa simu, Mama, naunga mkono. Nimekuwa na kesi ambapo wito ulitumwa kwa WhatsApp, alama mbili za buluu zikaonekana, na aliyesoma alikuwa mtoto wa darasa la sita anayecheza michezo kwenye simu ya baba.

---

Ja_Milimani_Kisumu

🙌 Haya. La duka nitachukua. La nyumba bado nafikiria.

---

Mkulima_wa_Molo

Swali kwa wanaojua. Mzee wetu aliaga, sanduku ni la jina lake, na bado barua za ushirika wa maziwa na za shamba zinaingia humo. Tukiacha kulipa, itakuwaje?

---

MamaVitabu_Nax

Pole sana, ndugu. Usiache kulipa. Kodi ya sanduku hulipwa mwanzoni mwa mwaka, na lisipolipiwa hufungwa, barua zinazokuja zinarudishwa kwa mtumaji au zinakwama. Nenda ofisi ya posta lilipo hilo sanduku, beba nakala ya cheti cha kifo na kitambulisho chako, uzungumze na msimamizi akueleze utaratibu wa kulihamishia jina la mmoja wenu. Wakati huo huo orodhesheni wote waliokuwa wakimwandikia marehemu: ushirika, benki, bima, kaunti. Kila mmoja mumpelekee barua ya anwani mpya. Msibadilishe sanduku katikati ya mirathi, kama mnaweza kuepuka. Karatasi za mirathi zina tabia ya kufuata anwani ya zamani.

---

Mwalimu_Mstaafu_Maragoli

Na kabla ya kufungua, wawepo ndugu angalau wawili. Nimeona familia zikivunjika kwa bahasha iliyofunguliwa na mmoja.

---

Mtu_wa_Freehold

Sasa hicho kisanduku cha getini mnatengenezea wapi? Niliona kimoja cha plastiki supamaketi, jua limekikausha kikapasuka hata kabla ya barua ya kwanza.

---

Fundi_Bati_Kisumu

Mimi nipo jua kali hapa Kisumu, kwa hiyo kazi yangu hii. Plastiki wacha. Chukua bati la geji 18. Geji nyepesi kuliko hiyo mwizi anaikunja kwa mkono. Kifuniko cha juu kiwe na mteremko, na kipite tundu la barua kwa mbele kama vidole viwili, kwa sababu mvua ya upande wa ziwa huja imelala. Chini toboa vitundu vidogo maji yatoke. Piga redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kwanza, ndani na nje, kabla ya rangi. Watu hupiga nje tu na kutu inaanzia ndani.

Tundu ndilo watu hukosea. Wengi wananiletea mchoro wa tundu dogo kama la kuweka sadaka. Bahasha kubwa ya A4, ile ya C4, ina milimita 229 kwa 324. Kama inaingia kwa upana wake wa mlalo, tundu liwe sentimita 33 au zaidi, na kimo chake sentimita 3 na nusu, isizidi. Ikizidi hapo mkono wa mtoto unaingia. Ndani weka kibati cha kuinama nyuma ya tundu ili mtu asivute barua kwa waya. Na kiwe na kina cha kutosha, bahasha ikiingia isibaki imechungulia nje.

Kimo kutoka chini: usawa wa kifua cha mtu mzima. Mlango wa kufungulia uwe upande wa ndani ya ua. Nimeona watu wakiweka mlango na kufuli upande wa barabara, sasa hapo umemwekea nani?

Nyigu wanapenda sana sanduku lisilofunguliwa. Weka kifuniko cha bawaba juu ya tundu, kijifunge chenyewe, na ulifungue kila wiki hata kama unajua hakuna kitu.

---

Dada_wa_Migosi

Fundi, ya ploti yenye milango mingi unafanya moja moja ama unaunganisha?

---

Fundi_Bati_Kisumu

Naunganisha, dada. Safu mbili, fremu moja ya pembe, kila mlango na bawaba yake. Inakuwa rahisi kuliko kutengeneza moja moja na inashikwa ukutani kwa boliti nne kubwa. Niletee idadi ya nyumba na picha ya ukuta. Kama ukuta ni wa matofali ya udongo niambie mapema, boliti zake ni tofauti.